Kijiko

Nishani ya baba inakaa ndani ya kopo la maziwa ya unga,
imeviringishwa kipande cha kitenge cha marehemu mama.
Nsimire huisugua kwa majivu na ndimu
kila posa inapobisha hodi,
kwa sababu kwetu, huku juu Kadutu,
mahari haitajwi kabla wakwe hawajaambiwa
kwamba mzee huyu wa mabega membamba
aliwapiga Waitaliano.

Hadithi tunaijua kuliko mwenyewe.
Kaka Murhula ndiye msimulizi:
lori hadi Stanleyville, vumbi la Juba,
merikebu ikipanda mto wenye mamba waliolewa jua,
kisha milima ya Abisinia.
Saio hufika chupa ya kasiksi ikiwa nusu,
na majenerali hutoka mikono juu,
watatu nilipokuwa mdogo,
mwaka jana walikuwa kumi na mmoja;
wanapanda pamoja na bei ya makaa.
Watoto hupiga makofi. Wakwe husogeza viti.
Nami, sitaficha, kifua hunijaa:
nani mwingine kwenye mtelemko huu,
ambapo mvua moja huhamisha ua wa jirani,
ana baba aliyekwenda mbali hivyo
akarudi na soksi zake zote mbili?

Baba hakatai, wala hakubali.
Anakula maharage kwa kijiko chake cha aluminiamu,
shingo imepinda, mpini una namba
iliyokwaruzwa kwa msumari.
Hakuna mwingine anayeruhusiwa kukiosha.

Tangu nirudi nyumbani na cherehani yangu
nalala upande wa pili wa ukuta wake wa mbao.
Mvua ikianza kulima mabati, huitikia:
"Prezan!"
Sauti ya kijana, ya kifua kilichonyooshwa.
Halafu, nikidhani amenyamaza,
"Prezan," tena, nyembamba,
kama ya mtu aliyejificha nyuma ya mwenzake.

Nilimwuliza asubuhi, nikimpa uji wa mtama.
Nilidhani hajanisikia.
"Ya pili ni ya Kabambi," akasema. "Mtu wa Kongolo.
Tulibeba machela pamoja. Kule tumbo liliua kuliko risasi.
Halafu machela ikawa yake.
Nilimbeba siku mbili, nikamweka chini ili nimchotee maji."
Akapuliza uji ambao ulikuwa umekwisha kupoa.
"Kesho yake wakaita majina. Wakaita lake.
Nikaitikia."

Kwa nini, baba?

"Mchele. Jina lililoitika lilipewa kikombe."

Siku ngapi?

"Sita."

Akageuza kijiko, akaitazama namba
kama mtu anayesoma barua ambayo haikuandikwa kwake.
"Nilikuwa na njaa, Cibalonza.
Hiyo kaka yako haiweki."

Jumamosi walikuja watu wa Bagira, posa ya binti wa Nsimire.
Nishani iling'aa kwenye koti, imeinama kidogo.
Murhula alifika Saio mapema, kasiksi ilikuwa tamu,
majenerali wakawa kumi na watatu.
Nilingoja fahari yangu ipungue.
Haikupungua. Nilipiga vigelegele hadi koo likauma,
nikimwangalia yeye, si nishani.

Kisha nikampakulia mwenyewe,
mlima wa wali, sambaza juu yake.
Baba akauchora katikati kwa kijiko,
mstari ulionyooka kama wa gwaride,
akala upande mmoja,
akaisukuma sahani, polepole,
mpaka pale ambapo hakuna aliyekaa.